Korianga Mwenye Mvi

Watu wa Buger watakuambia kwamba Martini Amsi ni mkulima hodari wa mbaazi na ngano, kwamba hakosi Misa ya Jumapili, na kwamba ukitaka kunywa chai nyumbani kwake ni lazima uwe umezaliwa humo. Hawasemi kwa chuki. Ni mkono wa birika, basi, na kila kijiji kina wake. Jumuiya yao husali kila wiki nyumba kwa nyumba, na zamu inapomkaribia Martini hutokea jambo: mara bati linavuja, mara ng'ombe anazaa, mara mwenyewe kashikwa na kiuno. Mwenyekiti alikwisha kuzoea. Huihamishia zamu kwa jirani, na siku ya sala Martini hutangulia kufika, kiuno kimepona, akachagua kiti kilicho karibu na sufuria.

Mkewe, Cresensia, ndiye pekee asiyecheka. Angecheka kama mambo yangeishia kwenye chai.

Miaka saba iliyopita binti yao wa mwisho, Laurencia, mwalimu wa shule ya msingi kule Soitsambu, Loliondo, alipata mchumba wa Kimasai aitwaye Lekoko. Kwa adabu, baba yake Lekoko, mzee Kisioki, alifunga safari pamoja na wazee wenzake wawili kuja Buger kujitambulisha. Sasa, babu yake Martini alikuwa akisimulia jinsi Wamasai walivyoswaga ng'ombe wake wote asubuhi moja, na Martini aliirithi hadithi hiyo pamoja na shamba. Alipochungulia dirishani akaona shuka tatu na marungu matatu yamesimama getini, moyo ulimruka. Cresensia alikuwa sokoni Karatu. Martini akavaa kofia chakavu, akatoka, akawaambia wageni kwa heshima zote kwamba mwenye nyumba hayupo, amekwenda Mbulu, na yeye ni kibarua tu.

Wazee wale wakamshukuru. Wakakaa kwenye kivuli cha ua mpaka alasiri, wakitumaini mwenyewe angerudi, na kibarua hakuwapa hata maji, kwa kuwa kibarua hana ruhusa ya kugusa mtungi wa bosi. Walipokata tamaa wakamwachia galoni ya asali ampe mwenye nyumba akirudi. Aliifikisha salama.

Cresensia aliporudi akakuta asali mezani. Hakuna aliyewahi kumdanganya Cresensia kwa zaidi ya dakika tano, na mwezi mzima uliofuata hakumsemesha mumewe ila "chakula hicho". Ndoa ilifungwa hukohuko Soitsambu. Mama alikwenda, baba akashikwa na kiuno. Mjukuu akazaliwa, akaitwa Joseph. Bibi akaenda, babu akashikwa na kiuno. Laurencia naye hakurudi Buger hata kutembea, maana angemletaje mume kwenye nyumba ambayo wazee wake hawajaingia?

Ukweli ni kwamba Martini hakuwaogopa tena Wamasai. Alimwogopa mzee mmoja tu, ambaye siku akimwona angeuliza mbele ya Laurencia, "Huyu si yule kibarua?" Binti yake aliamini kwamba siku ile baba alikuwa safari, au ndivyo Martini alivyojua, na alikuwa radhi kuingia kaburini kabla binti huyo hajajua vingine. Basi mtoto ametimiza miaka mitano na babu anamjua kwa picha za simu. Akiwa peke yake zizini huzikuza kwa vidole viwili mpaka uso unajaa kioo kizima, na roho inamuuma.

Hapo ndipo hija inapoingia. Wazee wa parokia husimulia habari za Katekista Emmanueli, aliyetembea zamani kutoka Karatu mpaka Soitsambu, kengele ndogo imening'inia shingoni kama ya maksai, akifundisha sala boma kwa boma, hadi akafia huko na kuzikwa huko. Kila Agosti waumini huifuata njia yake kwenda kusali kaburini. Zamani walikwenda kwa miguu, siku tisa. Siku hizi hukodi basi na kufika sauti zimekauka kwa kuimba. Mwaka huu Martini alisimama baada ya Misa akatangaza kwamba yeye atakwenda kwa baiskeli, peke yake, wiki moja kabla ya basi, na kwamba hatapokea kitu cha mtu njiani, maana hujaji wa kweli hujitegemea.

Watu walipiga makofi. Kila mtu kanisani alijua anakokwenda na hakuna aliyemwambia. Mpango wake, ambao alidhani uko kichwani mwake tu, ulikuwa huu: asali kaburini, kisha asimame mbali kidogo na shule, amwone mtoto akitoka darasani, ampe pipi, ageuze. Cresensia alimfungia kwenye keria mikate minne ya ngano, unga, maharage na sufuria, akakaza mpira, akamwambia neno moja tu.

"Ukifika, usishikwe na kiuno."

Siku ya kwanza ilimpa kiburi. Kutoka Karatu hadi Rhotia alisukuma zaidi kuliko alivyopanda, lakini kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mto wa Mbu hakukuhitaji miguu, kulihitaji breki, na za kwake zilikuwa breki kwa jina. Akakata tawi akalifunga nyuma liburuze. Mzee wa miaka sitini na tatu, kofia ya sufu imeshuka mpaka masikioni, anateremka mlima na nusu ya mti nyuma yake. Magari ya watalii yakasimama, vichwa vikachomoza kwenye mapaa, na dereva mmoja akawaeleza wageni wake jambo refu kwa Kiingereza, ambalo Martini aliamini ni sifa. Akalala kwenye baraza ya kanisa, akala mkate wake, akamshukuru Mungu kwamba hakumsumbua mtu.

Siku ya pili ikakiondoa kiburi chote. Baada ya Selela njia ni vumbi na miiba ya migunga, na miiba haijui nani ni hujaji. Tairi la mbele likapata pancha, akaziba. La nyuma likapata, akaziba. La mbele tena, na safari hii solusheni ya kuzibia ikawa imekauka ndani ya tyubu yake. Alisukuma baiskeli saa tatu nzima juani. Maji yakamwishia, na upepo wa Engaruka ukamjaza vumbi mpaka kwenye kope. Alipoliona boma la kwanza hakuwa na nguvu ya kukumbuka kiapo. Akasimama nje ya ua wa miiba, midomo imepasuka, akiwa hajui mtu hubishaje hodi mahali pasipo na mlango wa kugonga.

Mwenye boma alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, jina lake Supeet. Alimpokea baiskeli kwanza, kama watu wanavyompokea mgeni mzigo, akamkalisha kivulini, na mkewe akaleta maziwa kwenye kibuyu. Martini alikumbuka kiapo chake kibuyu kilipofika nusu. Akaona si vizuri kuacha kitu katikati.

Ndipo Supeet akauliza swali ambalo kila mgeni wa kiume huulizwa Umasaini.

"Mzee, wewe ni rika gani?"

Kwa Wairaqw, watu wa kabila la Martini, mtu huulizwa ukoo wake na kilima anachokaa. Kwa Wamasai, vijana waliotahiriwa kipindi kimoja huwa rika moja lenye jina lake, na rika ni undugu wa maisha: mtu wa rika lako akifika kwako, amefika kwake. Martini hakuyajua hayo. Alijua jina moja tu, kwa sababu Laurencia aliwahi kumwambia kwenye simu, kwa sauti ya kujivuna, kwamba mumewe ni Korianga. Akadhani ni kama kule ofisini, ukitaja mtu unayemfahamu ndani unapitishwa haraka. Akafuta maziwa mdomoni, akasema yeye ni Korianga.

Sasa Korianga ni vijana. Walipokuwa wakitahiriwa, Martini alikuwa na mtoto sekondari. Supeet, ambaye ni Korianga mwenyewe, alimtazama mzee huyu mwenye mvi mpaka puani, kisha akainama muda mrefu kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Lakini mgeni habishiwi. Akainuka, uso umetulia, akamshika mkono kama mwenzake, akamwita mwana rika, na jioni akachinja mbuzi. Martini alikaa na vijana, akala mbavu kwa kisu cha kuazima, akasikia wanavyocheka, akajua amependwa. Wala hakukosea, alipendwa kweli. Asubuhi akakuta matairi yote mawili yamezibwa kwa solusheni ya pikipiki na yamejazwa upepo.

Kuanzia hapo njia ya Katekista ikawa njia ya Korianga. Supeet alipiga simu mbele, aliyepigiwa akapiga mbele zaidi, na habari ikaingia kwenye makundi ya wasapu: anakuja Korianga mwenye mvi, amepanda baiskeli, mpokeeni. Ngaresero, chini ya Mlima wa Mungu, alikuta anasubiriwa na chai imeshachemka. Wakamwonyesha upande ambao akina mama hupita wanapokwenda kuomba mvua na watoto, na Martini akavua kofia akasimama kimya, kwa kuwa hija ni hija. Kwenye kona za kupanda kwenda nyanda za Sale, vijana wanne wa rika lake jipya waliibeba baiskeli juujuu wakiimba, naye akawafuata nyuma ameshika pampu, kama mkubwa wa msafara. Kila boma lilimuuliza, na kila mara alijibu kwa sauti kubwa kuliko jana.

Mikate ya Cresensia ilikaukia kwenye keria. Mchana mmoja, amelazwa kivulini juu ya ngozi ya mtu ambaye hata jina hakulishika vizuri, aliwaza kwamba katika maisha yake yote hajawahi kumlisha mtu hivi, na wazo hilo likamnyima usingizi kwa dakika kadhaa. Kisha akalala. Alikuwa amekula sana.

Siku ya tano akaingia Wasso, akiserereka kwenye lami kama kijana, akasimama kwenye kibanda cha chai cha mama mmoja aitwaye Seenoi. Mama huyo alimtambua kabla hajashuka. Akamuuliza kama yeye ndiye yule Korianga mwenye mvi, na Martini akasema ndiye, akavuta kiti. Chapati mbili zikaja bila kuagizwa. Seenoi akauliza safari inaishia wapi.

Labda ni zile siku za kupokewa zilizomlegeza. Kwa mara ya kwanza tangu atoke Buger, Martini alisema kwa kinywa chake kwamba anakwenda kumwona binti yake na mjukuu, kwa Lekoko mwana wa Kisioki, Soitsambu. Na ili aonekane mtu wa nyumbani zaidi, akaongeza kwamba Lekoko naye ni Korianga kama yeye.

Seenoi akaiweka chupa ya chai chini.

"Babu," akasema polepole, "mtoto wa mwana rika wako ni mtoto wako. Huwezi kumwoa. Kama wewe ni Korianga, Lekoko amemwoa binti yake."

Martini akacheka. Seenoi hakucheka. Akamweleza kama anavyoelezwa mtoto: kumwoa binti wa mwana rika ni aibu kubwa, ni jambo la kuitisha wazee, na mtu hulipishwa mifugo kwa ajili yake. Vijana walikuwa wakifanya mzaha na babu wa watu, hawakujua ni baba wa nani. Lakini yeye amelitaja rika hilo mbele ya mashahidi, boma baada ya boma, na nyama ya wana rika ameila. Wakati Seenoi akisema hayo, mwendesha bodaboda aliyekuwa akinywa chai pembeni alikwisha kutoka nje, simu sikioni.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakumwona Martini. Ya kwake ilikuwa na zaidi ya kilomita mia mbili na milima ya kupanda. Akainuka bila kumaliza chapati, jambo ambalo kwa Buger lingetangazwa kanisani, akapanda baiskeli, akageuza kuelekea alikotoka. Alipita nyumba za mwisho za Wasso akikanyaga kama anayefukuzwa na nyuki. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka saba, kiuno kilimuuma kweli. Ilimbidi ashuke akae kando ya barabara.

Akiwa pale alifikiri, kwa kuwa hakuweza kufanya lingine. Uongo wake wa kwanza aliuacha getini kwake mwenyewe; aliuona kila siku, lakini angalau ulikuwa wake. Huu wa pili umemtangulia. Saa hii umekaa nyumbani kwa Laurencia, na akirudi Buger atamwacha binti yake peke yake mbele ya wazee, na mume aliyeambiwa amemwoa mwanawe, na mtoto wa miaka mitano anayeuliza kuna nini. Ni nani atakayeufuta kama si mdomo uliousema? Martini alimwonea huruma Laurencia mpaka akasahau kujionea mwenyewe, na hilo halikuwa limemtokea kwa muda mrefu. Akainuka kwa taabu akageuza tena. Alipopita kibanda cha chai, Seenoi alimwonyesha kwa mkono njia ya Soitsambu.

Alifika jua likiwa bado juu. Katika boma la Kisioki wazee wapatao kumi na wawili walikuwa wameketi kwenye vigoda, na Lekoko, mwanamume mrefu mwenye uso mkavu, amesimama kando. Mlangoni mwa nyumba moja alisimama Laurencia. Alikuwa amenenepa kidogo, ushanga shingoni juu ya gauni la ualimu, na mtoto ameng'ang'ania pindo lake. Martini alitaka kwenda moja kwa moja, lakini mzee Sankale, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikao, alimwonyesha mahali pa kusimama. Katikati ya wazee alikaa Kisioki. Alimtazama Martini kuanzia kofia mpaka viatu, na Martini akajua ametambuliwa.

Sankale aliuliza, kwa Kiswahili cha kupima neno kwa neno, ni nani aliyemwambia kwamba yeye ni Korianga. Nusu ya wazee walikuwa wakiuma midomo wasicheke; nusu nyingine hawakuwa na kicheko chochote, na Lekoko alikuwa upande huo. Martini akavua kofia. Akasema yeye hana rika. Alilitaja jina hilo kwa kutojua, akalewa sifa, na alipoona linaleta mbuzi akaendelea kulitaja. Binti yake asihukumiwe kwa njaa ya baba yake. Hapo hata wale wasiotaka kucheka walishindwa, na mmoja akajifuta machozi kwa shuka. Lekoko akashusha pumzi.

Lakini Sankale hakuwa amemaliza. Akasema mkwe wa boma hili hawezi kuachwa aning'inie hewani bila rika, maana atakaa na nani, na nani atamtembelea? Kwa umri wake ni Makaa, rika la Kisioki na la wazee wengi waliokaa hapo. Hata hivyo mtu haingizwi katika rika kwa mvi peke yake. Asimame anayemjua, aliyewahi kufika kwake, aseme ni mtu wa namna gani. Akamgeukia Kisioki akamuuliza: ulipokwenda kwao kwa ajili ya binti, alikupokeaje?

Kisioki alichora mchangani kwa fimbo.

"Sikumkuta," akasema. "Alikuwa safari. Lakini ni nyumba ya heshima. Nilimkuta kibarua mwenye adabu sana."

Uso wake haukutikisika hata ukope. Martini akaelewa. Mzee huyu alijua tangu siku ile, pengine alijua palepale getini, akakaa kivulini mpaka alasiri akimpa mtu nafasi ya kubadili mawazo. Na miaka saba amemfichia, ili Laurencia asiitwe mke aliyetoka kwa watu wasiopokea wageni. Sasa anamfichia tena mbele ya wazee wake mwenyewe. Martini alitakiwa anyamaze tu, na kazi hiyo hakuna aliyeiweza kuliko yeye.

Akatazama kule mlangoni.

"Nilikuwepo," akasema. "Kibarua yule ni mimi. Na asali niliila mimi."

Hakuna aliyecheka. Mbuzi alilia mahali fulani nyuma ya nyumba, na Sankale akakitazama kigoda chake. Katika kikao kama hicho wanawake hawasemi, lakini Laurencia aliachia mkono wa mtoto akasogea hatua mbili mbele.

"Baba, nilijua," akasema. "Mama aliniambia siku ileile. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani baba mkwe hajui, nikaogopa ataumia."

Basi ikawa hivyo. Miaka saba Kisioki alimficha Laurencia, Laurencia akamficha Kisioki, Cresensia akamficha mumewe kwamba binti anajua, kila mmoja akilibeba jambo hilo kama sufuria ya moto ili lisimuunguze mwenzake, na mtu mmoja tu katika nchi nzima kutoka Buger mpaka Soitsambu ndiye aliyeamini kwamba ni siri. Martini aliona aibu kuliko alivyowahi kuona. Nyuma ya aibu kikaja kitu ambacho hakukitegemea, nacho kilikuwa furaha, na vyote viwili vilimtoka machoni mbele ya wazee kumi na wawili wa Kimasai. Akajifuta kwa kofia.

Kisioki akainuka, akamshika mkono, akamketisha kwenye kigoda chake na yeye mwenyewe akakaa chini kando yake. Akasema maneno kwa Kimasai, wazee wakaitikia. Kisha akamrudia kwa Kiswahili.

"Wewe ni Makaa. Nyumba yako naijua, na wewe nakujua. Na nikifika kwa mtu wa rika langu, hana mdomo wa kuniambia hayupo." Ndipo akatabasamu kwa mara ya kwanza, na ilionekana kwamba tabasamu hilo alikuwa amelitunza muda mrefu. "Tutakuja baada ya mavuno. Sisi wote unaotuona hapa."

Martini akawatazama wote aliowaona pale. Akafungua mdomo. Bati lilimpita akilini, na ng'ombe anayezaa, na mahali pengine pa mwili ambapo mtu mzima huweza kuumwa. Akaufunga mdomo, akaufungua tena.

"Karibuni," akasema.

Joseph akaletwa mbele. Watoto wa Kimasai hawamshiki mkono mkubwa, humwinamishia kichwa awaguse, na mtoto akainamisha kichwa kilichonyolewa vizuri. Martini hakujua la kufanya, akawa amenyoosha mkono hewani kama anayepima kimo cha mahindi. Lekoko ndiye aliyeuchukua mkono huo wa mkwewe akauweka mahali pake. Kichwa kilikuwa cha moto kwa jua, kidogo kuliko kilivyoonekana kwenye simu, na babu akakaa na mkono pale mpaka mtoto akauliza kama amesahau kuutoa.

Kesho yake walikwenda wote kaburini kwa Katekista, wakasali, na Martini akamshukuru kwa kuchagua kufia mbali. Kisha akapanda kilimani kutafuta mtandao, akampigia Cresensia. Akamwambia amefika, amesali, na kiuno hakijambo. Akamwambia pia, kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa, kwamba baada ya mavuno wazee kumi na wawili wa Makaa wanakuja Buger kulala nyumbani kwao, na kwamba wao ni wa rika lake, hana ujanja.

Martini akadhani Cresensia anawaza vitanda, akaanza kusema kwamba yeye mwenyewe ameona jinsi watu wanavyoweza kulala hata juu ya ngozi. Mkewe akamkatiza akauliza kama Laurencia naye anakuja.

"Anakuja," Martini akasema. "Na mumewe. Na mtoto."

Hapo ndipo Cresensia alipolia. Alilia kwa sauti, kilio cha miaka saba, na Martini Amsi, ambaye hukata simu mara tu ujumbe unapofika ili kuokoa salio, aliishika sikioni kwa mikono miwili mpaka mkewe alipomaliza.